Karatasi Inayojibiwa: Kadi ya Kazi katika Viwanda vya Alizeti Singida

Mhadhara kwa wenye viwanda, mafundi na wanafunzi wa ufundi



Saa moja ya mashine ya kukamua haina bei moja mwaka mzima. Hapa mkoani alizeti hupandwa kwa mvua za Desemba na Januari, huanza kuvunwa karibu na mwezi wa tano, na kwa miezi kadhaa magunia hujaa hadi barazani. Kisha mbegu huadimika, bei yake hupanda, na viwanda vingi vidogo hufunga milango au hukamua siku mbili tatu kwa wiki. Mashine ikisimama Julai, imesimama mbele ya foleni ya wakulima. Ikisimama Februari, pengine hata mlinzi hana habari. Hata hivyo viwanda vingi huendesha matengenezo kana kwamba miezi yote ni ndugu: mashine ikifa anaitwa fundi, isipokufa inaachwa.

Mwezi Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wadau wa alizeti hapahapa Singida, na mkoa huu pamoja na Dodoma na Simiyu ikapewa kazi ya kuliinua zao hili. Takwimu zilizotajwa sana siku zile zilisema nchi inahitaji tani 570,000 hivi za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha tani 205,000 hivi. Tangu hapo tumezungumza sana juu ya mbegu bora na ushuru wa mafuta yatokayo nje, na ni haki yake. Mimi leo nataka kuzungumzia kitu kidogo zaidi, ambacho hakijawahi kutajwa kwenye hotuba ya waziri: ile karatasi anayoandikiwa fundi ili akatengeneze mashine. Wengine huiita kadi ya kazi, mafundi wengi huiita jobukadi. Viwanda vingine havina kabisa. Vingine vinazo rundo zima, lakini hakuna azisomaye.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1985, jijini Arusha, Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamua alizeti, ile ya kusukuma mtaimbo mrefu juu na chini. Ilisambaa vijijini na baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Mwenye mashine ile ndiye aliyeikamulia, ndiye aliyeipaka mafuta, na mtaimbo ukiwa mzito mkono wake mwenyewe ulimwambia. Habari ya ubovu haikuwa na safari ya kwenda. Leo mwenye kiwanda yuko benki, mwendesha mashine yuko zamu ya usiku, fundi yuko kiwanda kingine, na spea ziko stoo ambayo ufunguo wake anao mtu wa nne. Kiwanda kikubwa kama kile cha Mount Meru Millers, ambacho Rais John Magufuli alikifungua hapa Singida mwaka 2018, hakiwezi kuishi bila idara na nyaraka za matengenezo. Wenye mashine moja ya kupeana zamu na jirani hawahitaji mengi. Wanaopata tabu ni walio katikati, wenye mashine tatu, boila moja, chujio na wafanyakazi kumi na tano. Wamekuwa wakubwa kiasi cha habari kupotea njiani, ila bado wanajiona wadogo mno kuwa na karatasi.

Tufuate habari moja inavyosafiri. Jumatatu usiku mwendesha mashine anasikia mlio mkavu upande wa giaboksi. Anamwambia msimamizi wa zamu, naye anasema atamwambia fundi. Asubuhi fundi yuko kwenye boila. Jumanne mtu anapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda, ambako inakaa kati ya tangazo la msiba, mzaha wa mpira na picha ya mtoto wa mhasibu aliyemaliza darasa la saba. Watu wanne wanaweka kidole gumba. Kila mmoja anaamini mwingine ameshughulikia. Alhamisi beringi inavunjika, inaikwangua shafti, na kazi ambayo ingekuwa ya saa tatu na beringi moja inakuwa ya siku tatu, shafti ya kuchongesha, na gari la kwenda kuifuata. Ukiwauliza, wote wanasema kweli: walisema. Hakuna aliyenyamaza katika kiwanda kile.

Dawa inayokuja haraka ni kuchapisha fomu. Mshauri anakuja na kompyuta yake, anaacha fomu yenye visanduku ishirini na kitu: namba ya mtambo, namba ya idara, aina ya hitilafu, msimbo wa chanzo, saini tano. Wiki ya kwanza zinajazwa, na ya pili zinajazwa nusu. Mwezi ukiisha mgongo wa fomu unaandikiwa hesabu ya magunia. Hapo mwenye kiwanda anahitimisha kwamba watu wetu hawapendi kuandika.

Hilo silikubali. Nenda kwenye kikao chochote cha vikoba hapa mjini au kule Kiomboi uone akina mama wasiokuwa na diploma ya chochote wanavyoandika: hisa, mkopo, riba, faini ya aliyechelewa, faini ya simu iliyolia. Hawakosei. Wanaandika kwa sababu daftari litasomwa kwa sauti mbele ya wote wiki ijayo, na kila mstari una jibu lake ndani ya sanduku. Mwendesha mashine aliyejaza fomu tatu bila kuona hata mmoja anayemrudia hatajaza ya nne, na kwa maoni yangu ana akili timamu. Ndiyo maana nasema utaratibu wa kadi ya kazi huboreshwa kuanzia upande wa anayejibu. Visanduku vya fomu vitafuata baadaye, na vingi havitahitajika.

Kwa upande wa anayeripoti, mambo manne yanatosha: mashine ipi, nini kimeonekana au kusikika au kunuka, saa ngapi, na nani amesema. Asitakiwe kutaja chanzo. Akiandika "giaboksi inalia kama mchanga, mota ya moto kuliko jana", amemaliza kazi yake vizuri kuliko yule aliyeandika "beringi mbovu" kwa kubahatisha na kumfunga fundi mawazo. Mashine zote ziwe na namba iliyopakwa rangi, kubwa, ya kuonekana kutoka mlangoni. Jambo hili linagharimu kopo dogo la rangi, na bado kuna viwanda ambako "ile ya katikati" ni mashine tofauti kwa kila zamu.

Kisha jibu. Kabla zamu haijaisha, mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina aandike kwenye kadi ileile moja kati ya majibu matatu: tunafanya sasa, tutafanya tarehe fulani, au hatufanyi, kwa sababu hii. Jibu la tatu ndilo gumu na ndilo lenye thamani kubwa. Mabosi wengi huona aibu kuandika "hapana", wakaacha kimya kifanye kazi hiyo. Mwendesha mashine akiandikiwa, "Mlio huu tunaujua, ni mkanda mpya, utakoma baada ya siku mbili, usipokoma andika tena," amejibiwa na amefundishwa. Kesho ataandika tena.

Ugomvi utatokea kwenye nani atangulie. Katika kiwanda kisicho na mpangilio kila kazi ni ya dharura, na mshindi ni mwenye sauti kubwa au aliye karibu na bosi. Feni ya ofisini hutengenezwa kabla ya sumaku ya kunasa misumari kwenye mlisho wa mbegu, kwa kuwa feni imekaa juu ya kichwa cha mwenye uamuzi. Mimi ningeweka maswali machache na kuyafuata bila huruma. Je, mtu anaweza kuumia? Hiyo inatangulia hata ukamuaji usimame. Je, ikiachwa itaharibu kitu kikubwa kuliko yenyewe? Beringi inaharibu shafti, mkanda uliolegea unaunguza mota, chujio lililochanika linapeleka mashapo kwenye madumu ya mteja. Halafu ndipo uulize msimu. Rangi iliyobanduka na mlango unaokwama Julai vinapewa tarehe ya Januari, vinaandikwa Januari, na hakuna kulumbana tena.

Sasa spea. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni karibu kilomita 700, na beringi hutumwa kwa basi. Basi halina kosa likileta kitu ulichoagiza. Beringi yenye namba 6308 inaingia shafti ya milimita 40; ya 6309 inaingia ya milimita 45. Fundi anayesimulia kwa simu, juu ya kelele za mashine, kwamba anataka "ile ya kati, ya giaboksi", amejitafutia usiku wa pili wa kusubiri basi. Kadi iliyofungwa vizuri mwaka jana ingekuwa na namba ile. Ndiyo maana napenda kadi iwe na saa mbili tofauti: muda ambao spana ilikuwa inazunguka, na muda ambao watu walikuwa wanasubiri. Mkizitenganisha mtaona mara nyingi kwamba fundi hakuchelewa. Ilichelewa stoo, ulichelewa ufunguo, ilichelewa idhini ya shilingi elfu arobaini kutoka kwa mtu aliyekuwa harusini. Lawama ya fundi mzembe huyeyuka haraka mbele ya safu hizo mbili.

Kuna mahali ambapo hata viwanda vyenye kadi huanguka, nako ni kuifunga. Fundi anaandika "imetengenezwa", anasaini, basi. Chukulieni mota ya mashine ya kukamua iliyoungua mwezi wa sita. Inapelekwa kusukwa upya, inarudi, inafungwa: imetengenezwa. Mwezi wa saba inaungua tena: imetengenezwa. Mwezi wa tisa, vivyo hivyo. Msukaji amelipwa mara tatu, kila mara na mtu tofauti, kila mara kwa risiti safi. Laiti kadi zote za mota ile zingebanwa pamoja kwa pini moja, hata mtoto angeuliza kwa nini. Mota ya fezi tatu ikikosa fezi moja huendelea kuzunguka kwa kulazimisha, inavuta umeme mwingi kwenye fezi zilizobaki, inapata joto, inaungua. Kinga yake ipo, ile overlodi ndani ya boksi, lakini mtu fulani aliwahi kuipandisha juu kupita kiasi, au kuiruka kwa kipande cha waya, ili "isisumbue" msimu ule wa foleni. Hivyo kadi haifungwi mpaka ijibu: kilichoharibika ni nini, kwa nini, na kimefanywa nini ili kisirudi. Jibu la "sijui bado" linaruhusiwa. Lisiloruhusiwa ni uongo wa kujaza nafasi.

Majibu hayo ya kwa nini ndiyo utajiri ambao viwanda vyetu vinaumwaga. Tuna mafundi wa ajabu. Wapo wanaoweka bisibisi kwenye mota na mpini wake sikioni, wakakuambia beringi ya nyuma ina wiki mbili. Lakini elimu hiyo iko kichwani, na kichwa kina miguu. Migodi ya Geita imekuwa ikiwavuta mafundi wa Kanda ya Kati kwa miaka, na mwaka 2023 mgodi wa dhahabu wa huku kwetu Ikungi nao ulianza uzalishaji. Siwalaumu wanaoondoka, mshahara ni mshahara. Lakini wakiondoka, waache nyuma kadi zao zilizojazwa.

Nigusie usalama, kwa kifupi, kwa kuwa hauna mjadala. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na wakaguzi wa OSHA wanaisimamia. Kwenye kadi iandikwe nani ameweka kufuli kwenye swichi kuu, na ufunguo wa kufuli hilo ukae mfukoni mwa fundi aliyeingiza mikono, si kwa msimamizi, si juu ya meza. Umeme wa huku ukikatika watu husahau kwamba utarudi. Mashine iliyozimwa na TANESCO haijazimwa.

Ubaya mwingine umo kwenye malipo, na hapa wenye viwanda mtanivumilia. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya magunia yaliyokamuliwa hataripoti mlio, maana mlio ukisikilizwa mashine itasimamishwa na ujira wake utasimama nao. Fundi wa nje anayelipwa kila mashine inapokufa hana sababu ya mfukoni ya kutaka isife. Sisemi anaiua. Nasema mmeweka shilingi zake upande wa ubovu. Na swali la kwanza linaloulizwa mashine ikisimama ni "Nani kaharibu?" Baada ya swali hilo hakuna karatasi duniani itakayoandikwa ukweli. Viwanda vichache vinampa fundi wa nje malipo ya kudumu ya mwezi katika msimu, madogo, halafu nyongeza ikiwa mashine haikusimama. Vingine vinamlipa kibarua ujira wake wa kawaida kwa saa alizosimama kwa sababu aliripoti mapema. Ni fedha ndogo ukilinganisha na shafti.

Kuhusu matengenezo ya kinga, wengi wetu tumefundishwa kwamba kufungua mashine mara kwa mara ni heri. Si lazima iwe hivyo. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi Mwingereza Conrad Waddington alichunguza ndege za doria za baharini za nchi yake, akakuta jambo la kushangaza: hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi wa kawaida wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta ubovu. Nati haikukazwa, bomba halikurudishwa sawasawa, kitu kizima kilivurugwa. Lakini angalieni alijuaje. Kulikuwa na rekodi ya kila tatizo na saa lilipotokea. Bila rekodi hizo mafundi wangeendelea kuambiwa waongeze ukaguzi.

Wajapani walikuja na njia nyingine. Kampuni ya Nippondenso, iliyokuwa ikitengeneza vipuri vya magari, ilitunukiwa mwaka 1971 kwa utaratibu ambao Seiichi Nakajima aliueneza baadaye: mwendesha mashine ndiye asafishe, atie girisi, akaze nati na kuangalia mikanda, na fundi abaki na kazi zinazohitaji fundi. Kwetu hili linafaa sana, kwa sababu vumbi la maganda ya alizeti likichanganyika na mafuta hufanya gamba jeusi linaloficha kila nati iliyolegea na ni chakula cha moto. Anayelikwangua kila asubuhi ataona ufa kabla ya mtu yeyote. Tangu 2013 Wizara ya Viwanda na shirika la Kijapani JICA wamekuwa wakifundisha mbinu za Kaizen nchini, zenye roho hiyohiyo. Tahadhari yangu ni moja: msimpe mwendesha mashine ufagio na girisi bila kumpa kadi na jibu. Hapo mtakuwa mmemwongezea kazi tu.

Narudi kwenye msimu, kwa kuwa ndani yake kuna kitendawili cha fedha. Msimu ukiwa umepamba moto muda wa kutengeneza haupo, na fedha yote imeingia kwenye kununua mbegu. Msimu ukiisha muda upo tele, lakini fedha imekwenda kwenye madeni, na ada za Januari zinabisha hodi. Upenyo upo mmoja, mwembamba: zile wiki za mwisho ambapo mafuta na mashudu ya mwisho yanauzwa na hununui tena mbegu nyingi. Wiki hizo ndizo za kuketi na kadi zote zilizoandikiwa "Januari", kuziweka mafungu, na kununua spea kabla fedha haijapata miguu. Vipande vya skrubu vilivyolika vipelekwe kuchomelewa wakati huo, na mafundi wenye karakana hawana foleni. Boila ioshwe na kukaguliwa. Atakayesubiri Aprili atakuta kila kiwanda cha mkoa kiko mlangoni kwa mchongaji yuleyule.

Huwa naulizwa kuhusu kompyuta na programu za simu. Kiwanda chenye mashine kumi na zaidi, zamu tatu na stoo ya maana kitafaidika nazo. Kwa wengine naanza na kaunta buku lenye kurasa zilizopigwa namba, likafungwa kwa kamba kwenye meza ya msimamizi wa zamu, na kalamu yake nayo ikafungwa. Safu ya kushoto aliyeripoti, safu ya kulia aliyejibu. Picha za WhatsApp ziendelee, zina msaada, ila iliyo na namba ya ukurasa wa daftari ndiyo inayohesabika. Kila Jumamosi asubuhi mwenye kiwanda asome mwenyewe safu ya kulia, na kila penye nafasi tupu amwite mhusika. Akifanya hivyo msimu mzima, atajua kwa hesabu yake mwenyewe ni kazi ngapi zilikuwa za dharura, ngapi zilirudi ndani ya mwezi mmoja, na ni mashine ipi inayomla. Muuza programu akija baada ya hapo, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Nipo kwa maswali, na ningependa waanze waendesha mashine.